Mrija Mgongoni

Julai, Tegeres. Ukungu umekaa juu ya bati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimewasha jiko la mkaa kabla ya taa ya hadubini,
maana vidole vyangu havishiki slaidi.

Wa kwanza ni Soyekwo, mfuga nyuki.
Leo hana homa. Ana kopo la majani ya chai,
na ndani, juu ya jani kavu la mgomba, nyuki mmoja
ambaye hajamaliza kuwa nyuki:
mweupe, macho tu yameshika zambarau,
mabawa yangali makunjo.
"Usiku upepo umeangusha gogo," anasema.
"Masega yamepasuka. Nitazamie huyu, yu hai?"

Nje kuna foleni ya watu kumi na wawili, wanakohoa.
Nikamweka chini ya kioo.

Nyuki mzima, mgongo wake ni duka lililofungwa kwa msiba.
Huyu alikuwa bado pazia.
Nikauona: mrija mmoja, kutoka mkiani kwenda kichwani,
na ndani yake kitu kinajikusanya,
kinasita,
kinajikusanya.

Nikahesabu kwa saa ya ukutani, kama ninavyomhesabia mtoto aliyezimia.
Nusu dakika, mapigo tisa.

Damu yake si nyekundu. Ni chai iliyochujwa mara ya tatu.
Haibebi pumzi; pumzi ina vitundu vyake ubavuni.
Wala haina mishipa ya kuirudisha nyumbani:
ikifika kichwani humwagika, ikapenya baina ya viungo
kama mvua yetu iingiavyo sokoni
bila kuuliza kibanda ni cha nani,
kisha hujivuta nyuma, polepole, mrija uinywe tena.
Baridi ikizidi, mrija husahau zamu yake.

Nikasogeza jiko. Nikampumulia, mara mbili, mdomo wazi.
Kumi na saba.
Nikampumulia tena.
Ishirini na sita, na Soyekwo, ambaye haoni kitu,
ameshika ukingo wa meza kana kwamba ni yeye anayepimwa.

Nikamweleza habari za kiuno.
Pale penye wembamba ule, mrija hujikunja na kujikunja:
damu ya moto inayotoka kifuani
hupishana na ya baridi inayoingia,
kama majirani wawili mlangoni,
huyu anatoka na kaa la moto, yule anaingia na kuni mbichi,
nao hawaachani kabla kuni hazijashika.
Ndiyo maana kifua hakipoi, hata mkia ukiganda.

"Na Januari?" akauliza.
"Kahawa ikichanua, upepo ukipanda kutoka Karamoja,
mzinga ukiwa tanuri?"
Januari, nikasema, damu hupeleka joto mbele, kichwani,
na nyuki hutema tone la asali mbichi mdomoni,
likauke hapo, limpoze.
Akacheka. "Kumbe jasho lao ni tamu."

Nilimshika kifundo cha mkono, mazoea tu.
Vidole viwili vilikuwa vya majivu, ganzi tangu Mei,
hajamwambia mkewe Cheptoek wala mimi.
"Sikuja kwa ajili yangu," akauvuta mkono.

Nilijua yule mweupe hatafika jioni.
Nje ya nta, bila dada zake wa kutetemeka kumzunguka,
pumzi yangu ni mkopo wa dakika chache.
Sikusema. Labda naye alijua:
alifunika kopo, akalitia kwapani, chini ya koti la jeshi,
akashuka mteremko akiinamia upande ule
kama mtu aliyebeba maziwa.

Saa tano, damu ya watu, nyekundu, imetulia kwenye vioo.
Natafuta vimelea, naandika, naita jina lifuatalo.
Kwenye slaidi ya saba mkono ukasimama:
nilikuwa nimeinama, mdomo wazi,
naipumulia.